Finjani ya Tisa

Mabela, baada ya Alasiri

Zuwena mwanangu,

Salamu utazipata kwa mdomo, na dua utaisikia kesho mlangoni, baba yako atakapokushikia msahafu upite chini yake. Karatasi hii ni ya jambo ambalo mdomo umenishinda. Wiki hii nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa unakunja nguo, mara ya pili unazungumza na simu, na mara ya tatu uligeuka ukaniuliza, "Mama una nini, mbona macho mekundu?" Nikakujibu vitunguu. Siku ile hakukuwa na hata kitunguu kimoja jikoni.

Sasa umekwenda Barka na baba yako kumuaga bibi yako, na yule hamwachi mtu kuondoka bila ya kula, basi nna nafasi mpaka Isha. Ntaandika upesi na sitoyarudia kuyasoma, maana nikiyasoma ntayakata.

Habari za soksi, za nyama ya halali na za kupiga simu hutozikuta humu. Una miaka ishirini na tatu, una shahada yako, na mie barafu nnayoijua ni ile ya kwenye friji. Nitakufunza nini huko Ujerumani? Humu utakuta makosa yangu na hasira zangu. Nna hasira na watu wawili. Mmoja ni ami yako Said. Wa pili utamjua sasa hivi.

Jana ndiyo iliyonitia kalamu mkononi. Watu walikuja kukuaga, majlisi imejaa, ami yako amekaa pale penye mto wake, na usoni amenuna tangu salamu. Simlaumu kwa kununa. Ile kazi ya wizarani Khuwair aliihangaikia yeye, kapiga simu, kanywa kahawa za watu, na wenzako wanangoja majina yao yatoke mpaka wanaota mvi. Wewe kazi imekujia mpaka nyumbani, ukasema ahsante ami, lakini nakwenda kuteleza kwenye barafu. Mtu mzima ana haki ya kukasirika. Namlaumu kwa alivyotaka watu wakucheke. Akawaeleza, na mikono anaitumia, kuwa mtoto wa kike wa watu, aliyesoma, aliyecheza mpira wa chuo akatutia aibu ya kutosha, sasa atasukuma kigari, ajitupe juu yake kifudifudi, kichwa mbele, ateremke kwenye mfereji wa barafu huku Wazungu wanamhesabia sekunde. Watu wakacheka kweli. Wewe ulikuwa umesimama na dele, ukamtilia kahawa, halikumwagika hata tone. Nilikuona kutoka mlango wa jikoni na roho yangu ikafurahi.

Kisha akasema lile. Akasema, "Na mwaka jana si walikutaka, ukakataa mwenyewe? Akili ilikuwapo. Imekwenda wapi?"

Ukasema, "Mimi sikukataa, ami."

"Nani basi aliyekataa?"

Ukamgeukia wa pili ukamtilia kahawa, kwa kuwa hujui. Mie nlikuwa hatua nne kutoka kwako na sahani ya halua mkononi, nami najua. Nikarudi jikoni nikaiweka sahani chini, nikafungua bomba la maji ili isikike kuwa nafanya kazi.

Aliyekataa ni mimi, Zuwena.

Sasa ukitaka kuiweka barua hii chini, iweke. Ukitaka kujua mkono wangu ulijifunzia wapi mchezo huu, soma. Sikutajii haya ili unionee huruma. Nnakutajia kwa sababu nna khofu umeurithi mkono wenyewe, na huko unakokwenda utakuponza.

Tulipotoka Unguja kuhamia nchi hii nlikuwa na miaka kumi na moja. Kiarabu changu kilikuwa cha msahafu tu, cha kusomea, si cha kuombea maji. Mwezi wa kwanza babu yako akatuchukua Sharqiya kwa jamaa zake, tukatazamwe. Njia nzima ndani ya gari mama yangu ananifunda: ukipewa, pokea, usikatae kitu cha watu, watasema tumekulia porini. Basi tukafika, wanawake wamejaa chumba kizima, tukakalishwa, tukawekewa tende. Msichana wa rika langu akasimama mbele yangu na dele. Akanitilia tone la kahawa chini ya finjani, nikanywa, nikamrudishia. Akatia tena. Nikanywa. Akatia tena.

Wewe umezaliwa hapa, hukumbuki hata siku uliyojifunza kuitikisa finjani. Unaitikisa kama unavyofumba jicho. Mie sijawahi kuona. Kwetu ukishiba kahawa unaweka kikombe chini, kwisha habari. Nikajua huu ni mtihani wa adabu, nami nimeambiwa nisikatae. Naye kwa mila zao haachi kutia mpaka mgeni atikise. Basi tukabaki hivyo, mie namwona mkaidi, yeye ananiona mlafi, na chumba kizima kinatazama. Kahawa yenyewe chungu, ina hiliki mpaka inawasha. Nilizihesabu. Ya tisa ilipoteremka niliinuka nikakimbia nje, nikatapika nyuma ya zizi la mbuzi na nguo yangu ya Idi mwilini.

Walicheka mpaka wengine wakajilaza. Mmoja akanita Zinjibariya, mwanamke wa Unguja, na jinsi alivyolitamka nlifahamu bila ya kuhitaji tafsiri. Shangazi yake baba yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifuata nje. Akanifuta mdomo kwa mtandio wake, akaniwekea finjani tupu mkononi, akanishika hapa kwenye kifundo cha mkono, akanitikisia. Hivi. Basi. Hilo ndilo somo la kwanza nililofundishwa nchi hii.

Nililisoma vizuri mno. Kila nyumba niliyoingia baada ya hapo, finjani ya kwanza natikisa. Nikapewa sifa: binti wa fulani ana adabu, hana uroho. Sifa tamu zile. Ikafika hadi nikawa natikisa kabla sijatiliwa, na si kahawa peke yake.

Skuli nlikuwa na mbio. Hujapata kuambiwa haya, na baba yako pia hajui. Darasa la kwanza sekondari tulikuwa na mwalimu wa michezo, abla tukimwita, Msudani, mwanamke mrefu, kicheko chake kikisikika mpaka barabarani. Siku moja akatukimbiza uani kutoka ukuta hadi ukuta, nikawaacha wote, akanirudisha nikimbie na wale wa juu yangu, nikawaacha na wao. Akaandika karatasi: anataka kunipeleka mashindano ya skuli za wasichana, baba atie saini hapa chini. Nikaikunja, nikaitia ndani ya daftari la hesabu. Wiki nzima inalala kwenye daftari. Wiki ya pili nikamwendea abla, nikamwambia, "Baba hataki."

Baba hakuwa na khabari. Sikumpa karatasi, sikumuuliza, sikumnusisha. Nlikwisha kumjibia kichwani mwangu, nikamwona ananuna, nikaona ndugu zake wa Sharqiya wanacheka, nikaona nibebe mwenyewe huko kukataa, niwapunguzie kazi. Nikajiona mtoto mwema, wallahi. Usiku sikulala nikijipongeza.

Sasa fuata haya. Miaka mingi baadaye babu yako yuko hapa nyumbani, mguu umeshaharibika, amekaa kwenye kile kiti cha dirishani. Wewe una miaka minane, umelala zuliani mbele ya televisheni, wasichana wanakimbia, nawe unawahesabia kwa sauti. Mie napiga pasi. Babu yako akasema, huku anatazama televisheni, "Yule abla wako Msudani nlikutana naye siku zile sokoni Sib. Akanambia, ungemwacha mtoto akimbie, bwana. Na mimi karatasi yenyewe siijui."

Nikamuuliza mbona hakunambia chochote miaka yote ile.

Akasema, "Nlikuwa nangoja useme mwenyewe. Ningetia saini, Nasra."

Kisha akaomba maji. Nilikwenda jikoni kuchukua maji nikakaa huko mpaka akaita mara ya pili. Mzee wa watu alitukanwa kwa kukataa ambako hakukataa, na abla, na mwalimu mkuu, na sijui nani tena, akakaa kimya ili asiniaibishe. Na mie nlikuwa nimemtumia kuwa ukuta wa kujifichia. Alikufa mwaka ule ule, kabla ya Ramadhani.

Kwa hiyo usije ukasema mama hakujua. Mwaka jana nlikuwa najua yote haya. Hilo ndilo linalonikera.

Unakumbuka ile mechi yenu ya mwisho ya chuo, uliyopiga bao moja ukitoka pembeni peke yako mpaka golini. Simu yako ilikuwa kwa fundi, basi yule kocha mgeni aliyekuja kuwatazama alipotaka namba ukampa yangu. Alipiga siku ya nne, nami nipo jikoni namimina mkate. Mwanamke akasema Kiingereza, kisha akampa mwengine anayesema Kiarabu. Wakanieleza taratibu kabisa. Wanatafuta wasichana wa mbio kutoka nchi za joto, wamekuona, kigari cha barafuni kinataka mtu wa hatua za kwanza, na wewe hatua zako za kwanza hawajaziona kwa mtu. Wanataka uje ujaribiwe wiki moja, gharama juu yao. Nlifahamu kila neno. Nikasema, "Hataki. Anaanza kazi." Wakauliza ninayo hakika. Nikasema ninayo. Nikaifuta namba, nikarudi kwenye mkate wangu, na ulikwisha kuungua upande mmoja.

Nna sababu tatu na zote ntakwambia, uzipime mwenyewe. Ya kwanza ni watu. Hiyo unaijua, unaila kila siku na wali. Ya pili, nlikwenda kutazama kwenye simu ule mchezo ulivyo, nikamwona mtoto wa mtu kidevu chake kipo kidole kimoja kutoka kwenye barafu na anakwenda kasi kuliko gari la baba yako, nikaifunika simu kwa mtandio. Hata hivyo nlitazama baada ya kukata simu, si kabla, kwa hiyo usinipe pointi. Ya tatu imenichukua mwaka kuitia jina. Nlikuonea wivu. Walikutaka, na hukutetemeka, na nilijua karatasi yako wewe usingeitia kwenye daftari. Mama anamwonea wivu mwanawe aliyemzaa. Haya, nimeandika.

Ukakaa wiki tatu unaniuliza. "Mama, hakuna aliyepiga?" Hakuna. Unarudi chumbani. Simu yako ikatengenezwa, ukawa unalala nayo. Kisha siku moja ukavitia viatu vyako vya mpira kwenye mfuko ukaviweka pamoja na taka. Ukaacha kukimbia. Ukanambia ukicheka kicheko kibaya kuwa winga mzuri wa Mabela si kitu mbele ya dunia, na bora umejijua mapema. Mwanangu alijiona hafai, na dawa ipo mdomoni mwangu, nami nikakupikia biriani. Viatu nlivitoa takani nikavificha stoo nyuma ya gunia la mchele. Usiseme mama alikuwa na huruma. Mwizi naye huficha alichoiba.

Wakarudi wao wenyewe baada ya miezi minane, kupitia kwa kapteni wenu wa chuo. Ukatoka chumbani mbio, huna viatu, unasema, "Mama, walidhani nimekataa. Labda walipiga namba siyo." Nikasema labda. Hilo labda, Zuwena, ni zito kuliko lile hataki. Hataki nlilisema kwa khofu. Labda nlilisema hali nakutazama usoni.

Baba yako ulipomwomba ruhusa hata chai hakuimaliza, alisema nenda. Umeona? Tena ni baba. Nyumba hii watu wote wanadhani mlinzi wa mlango ni yeye, na mlangoni nimesimama mie.

Huna haja ya kunambia ulichopoteza. Wale wenzako wa kambini wana msimu mzima juu yako. Wameanguka mara zao, wamevimba mabega yao, wanaijua kona wakiwa wamefumba macho. Wewe utafika mgeni kwa sababu yangu. Kila watakapokupita katika mwezi huu wa kwanza, jua sehemu moja ya zile sekunde ni yangu, si ya miguu yako. Usije ukajisema tena hufai. Hilo nakukataza, na ndilo pekee nnalokukataza katika barua hii.

Sasa nikukumbushe jambo la kufurahisha, maana nimeandika mpaka vidole vinaniuma na sitaki uende na uchungu mtupu.

Ile pikapu. Uliporudi kutoka kwenye yale majaribio yao ya wiki moja kocha akakwambia ujizoeze kusukuma kitu kizito, na Mabela nzima hakuna kigari cha barafuni, basi tukachukua pikapu ya baba yako. Kila siku baada ya Alasiri tunakwenda kwenye kile kiwanja kitupu nyuma ya nyumba mpya, mie kwenye usukani na buibui langu, gia nyutro, breki ya mkono chini, wewe nyuma. Siku ya kwanza hatujafika mbali wanaume watatu wametoka majumbani na waya za betri. Nikasema ahsante, ni betri. Siku ya pili, betri tena. Siku ya tatu yule jirani wa nyumba ya kona akatuletea betri mpya kabisa, anaapa hataki malipo, ati kina mama tusiteseke. Wewe nyuma umejifunika uso na mtandio unacheka, mie namwombea dua huku namdanganya.

Ni Mercy aliyetushika, yule Mkenya anayelea watoto nyumba ya tatu. Alikuwa kibarazani na mtoto mgongoni, akatutazama siku tano hasemi. Siku ya sita akaja hadi dirishani kwangu akanambia polepole, "Mama Zuwena, hii gari haina shida. Huyo msichana ako na nguvu. Anaenda wapi?" Nikashindwa kumwongopea. Nikamwambia. Akaweka mkono kifuani, akasema, "Basi mbona unamficha?"

Siku ya pili yake yule jirani wa kona alipotoka tena na waya zake, nikateremsha kioo nikamwambia kwa Kiarabu changu chote: gari ni nzima, mwanangu anajifunza kusukuma, anakwenda kushindana kwenye barafu. Akasimama. Akatazama gari, akakutazama wewe, akatazama jua. Kisha akaweka waya chini, akatoa simu, akauliza tunataka ahesabu sekunde kutoka wapi mpaka wapi. Tangu siku ile ndiye mshika saa wetu, na sasa anajitia kukukosoa miguu.

Unajua mie nlikuwa naona nini ndani ya gari? Hakuna. Nyuma sikuoni, mbele ni mchanga. Nahisi tu. Unasema tayari, gari imetulia, mara kiti kinanisukuma mgongo. Nguvu yote ile ni yako, inapita kwenye chuma inanifikia mie mifupani. Nimekubeba tumboni miezi tisa na sikupata kukujua hivyo. Nililia kila siku, na kila siku nikakwambia ni vumbi. Kitunguu, vumbi. Nimechoka, Zuwena. Nna miaka hamsini na ushei, nataka kulia kwa sababu iliyopo.

Kwa hiyo sikiliza, na hili ndilo nnalokupa badala ya wosia. Huko hawatokujua. Watakuuliza kwenu kuna barafu? Waambie ipo, tunatia kwenye juisi. Watataka kujua wewe Mwarabu au Mwafrika, nawe jibu utakalo siku hiyo, yote ni kweli na hakuna lenye aibu. Wakikutilia, kunywa. Wakikutilia tena, kunywa tena. Usiwasaidie kukukatalia. Usimwendee kocha ukamwambia najua mimi wa mwisho, mpe nafasi mwengine. Kuna watu wanaolipwa mshahara kwa kazi ya kukataa watu, waache waifanye wenyewe. Ukiwa wa mwisho, kuwa wa mwisho mpaka chini kabisa kwenye mstari, jina lako lisomwe na wakosee kulitamka. Ukitapika, tapika. Nyuma ya zizi nilishafika kabla yako na sikufa. Hiyo finjani ya tisa nimeilaani miaka arobaini, na leo nnaona ilikuwa nusu ya kheri yangu, kwa kuwa ni mara ya mwisho niliyopokea kila nilichopewa. Na siku utakayoshiba barafu kweli, tikisa, rudi nyumbani, mlango uko wazi, na atakayekucheka atanikuta mie. Ila uwe umeshiba wewe. Usitikise kwa ajili ya ami yako, wala kwa ajili yangu.

Naye ami yako nimeshampigia. Leo baada ya Adhuhuri, wewe ukiwa unaoga. Nikamwambia, Said, jana uliuliza nani aliyekataa, basi jibu lako ni hili, ni mimi, nilishika simu nikasema hataki, na mtoto hana khabari. Akasema, "Umemdhulumu." Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia pia, na wewe kesho utakuja kumuaga tena au hutokuja, ni hiari yako, lakini ukija usilete kicheko chako ndani ya nyumba yangu. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa sijapata kumsemesha shemeji yangu hivyo. Niko tayari kumwambia tena.

Nlikuwa nimepanga barua hii niitie chini ya nguo zako, uikute huko kwenye baridi, umeshafika, huna la kufanya. Mpango mzuri, sivyo? Nimepanga mpaka mfuko gani, kisha nikaona ninachokifanya. Ni lile daftari la hesabu tena.

Basi ntakupa mkononi. Kesho naendesha mie. Tutatoka mapema, na kabla ya kuingia barabara kuu ntageuka tupite kiwanjani kwetu, nisimamishe pikapu, nizime. Viatu vyako vya mpira viko chini ya kiti chako, nimevisafisha. Utaisoma barua hii pale nimekaa ubavuni mwako, baba yako nyuma na mabegi, na yeye pia atakuwa anajua, leo usiku namwambia. Sitosema kitu hali unasoma. Ukitaka kushuka utembee, shuka, tuna saa nzima ya ziada, nimeihesabu.

Radhi zangu unazo, nilikupa tangu siku ya kwanza uliyonisukuma mgongo, hazina sharti, hazingoji unisamehe. Zako kwangu siziombi leo. Ni haraka mno, na sitaki uitikise finjani hiyo kwa adabu.

Ukimaliza kusoma utanambia jambo moja tu, nani aendeshe. Ukisema baba, ntashuka nikakae nyuma na mabegi, na sitonuna. Na ikiwa hutaki kusema na mimi kabisa, shuka uende nyuma ya gari usukume mara moja, kwa nguvu zako zote, kwa hasira zako zote. Gia itakuwa nyutro na breki iko chini. Ntafahamu, kisha ntawasha, nikupeleke.

Mama yako,
Nasra